Folda moja kwa nyumba mbili: NFS, FTP, mtandaoni, au njia nyingine?

SWALI: Assalaam aleikum, fundi. Tuko Mkomani, Lamu. Nyumba yetu na ya dada yangu zinatazamana ng'ambo ya kichochoro na zimeunganishwa na wikio, kile kivuko cha ndani kinachopita juu ya kichochoro. Kwangu kuna laptopu mbili za Windows 11 na televisheni ya Android. Kwa dada kuna laptopu moja ya Windows na MacBook ya mwanawe. Simu kila mtu anayo. Marehemu baba ametuachia picha, video za harusi na sauti za maulidi, na tumeshazikusanya zote kwenye diski ya nje: GB 380. Sasa tunazungusha diski na flashi mkono kwa mkono, na kila mmoja ana nakala isiyofanana na ya mwenzake. Kaka yangu, mwenye laptopu kuukuu ya Linux, anataka tutumie NFS, njia ya kushirikiana folda mtandaoni iliyozoeleka kwenye Linux. Jirani anasema FTP, ile njia ya zamani ya kutumiana faili. Mwanangu anasema tupandishe vyote mtandaoni tumalize. Mimi nataka njia rahisi isiyo na malipo ya kila mwezi. Nichague ipi?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Mungu amrehemu mzee, na heko kwa kuzikusanya kanda zake mapema, maana utepe hausubiri mtu katika hewa ya pwani.

Chukueni laptopu ya kaka, lakini msichukue NFS yake. Iwekeni mahali pamoja, ichomekwe kwenye ruta kwa waya, ifungwe diski ya mzee, na folda ifunguliwe kwa SMB, lugha ambayo Windows, MacBook na Linux zote zinaielewa. Hayo ndiyo mapendekezo yangu, na sababu zake ni hizi.

Umeandika "rahisi". Rahisi kwa nani? Kuiweka ni kazi ya siku moja, na kuna kaka wa kuifanya. Kuifungua ni kazi ya kila siku, ya watu wote wa nyumba mbili. Kipimo changu ni kimoja: siku ambayo wewe uko Mombasa na kaka hapatikani kwa simu, je, mtu mzima wa nyumbani asiyejua kompyuta ataweza kuketi na kuitazama harusi anayoitaka bila kumwita mtu? Njia inayoshindwa hapo naiacha, hata iwe na kasi namna gani.

NFS inashindwa hapo. Si mbaya. Ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, na kati ya Linux na Linux ni nyepesi na ya kutegemewa. Lakini Windows ya Home haina programu ya kuisoma, na laptopu nyingi zinazouzwa madukani huja na Home. Tena kuna jambo ambalo wengi hulijua wakishachelewa: NFS katika umbo lake la kawaida haiulizi nywila. Inaamini namba ya mtumiaji inayotajwa na mashine ya upande wa pili. Kwenye Linux nyingi mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000, kwa hiyo namba 1000 wa laptopu yoyote iliyoruhusiwa anahesabiwa kuwa ndiye kaka yako. Ofisini, ambako mtu mmoja anasimamia mashine zote, hilo lina mpangilio wake. Nyumbani halina.

FTP ya jirani naiondoa haraka zaidi. Nywila inapita hewani kama ilivyoandikwa, mwenye nia anaisoma. Firefox na Chrome zote ziliondoa uwezo wa kufungua FTP mwaka 2021. Na hata ingekuwa salama, ni ya kushusha na kupandisha: mtu anashusha faili, anairekebisha kwake, anasahau kuirudisha. Mnarudi kwenye nakala zisizofanana, maradhi yaleyale mnayotaka kuyatibu.

Kuhusu mtandaoni, mwanao hajakosea kabisa, ila fanyeni hesabu. Kama intaneti yenu inapandisha Mbps 10, yaani megabiti 10 kwa sekunde, hiyo ni kama megabaiti 1.25 kwa sekunde. GB 380 zitachukua karibu saa 84, siku tatu na nusu bila kupumzika na bila stima kupotea. Baada ya hapo, nafasi kubwa kiasi hicho inalipiwa kila mwezi au kila mwaka, na umesema hutaki. Halafu kila mkitaka kutazama harusi iliyo hatua kumi kutoka mlipoketi, inabidi isafiri ng'ambo irudi.

Sasa SMB. Ilizaliwa IBM miaka ya 1980 na Microsoft ikaikuza. Upande wa Linux inazungumzwa na programu ya bure iitwayo Samba, aliyoianza Andrew Tridgell huko Australia. Toleo la kwanza lilitoka Januari 1992. Jina alilipata kwa kuiambia kompyuta imtafutie katika kamusi maneno yenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Apple nao waliifanya SMB kuwa njia yao ya kwanza ya kushirikiana faili tangu OS X 10.9 ya mwaka 2013. Maana yake ni kwamba kwenye laptopu zenu zote hakuna cha kusakinisha. Simu na televisheni zinahitaji programu moja tu, nitaitaja chini.

Hapa nikuondolee hofu moja ninayoulizwa sana. Watu huambiwa kwamba diski iliyopangwa kwa mtindo wa Linux, ext4, Windows haiisomi, basi wanaogopa kuipa Linux diski yao. Ni kweli ukiichomeka moja kwa moja kwenye Windows. Kupitia mtandao si kweli. Laptopu yako haigusi diski. Inaiomba faili laptopu ya kaka, nayo ndiyo inayosoma diski na kukupa. Kwa hiyo iacheni iwe ext4. Msiiache katika FAT32, mtindo mwingine wa kupanga diski, kwa vyovyote, maana faili moja humo haiwezi kuzidi GB 4, na video ya harusi ya saa tatu inavuka hapo bila shida. Kuipanga upya kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo hamisheni kwanza kwenye diski nyingine, hakikisheni zinafunguka, ndipo mpange.

Kabla ya kushika kibodi, zungumzeni habari za kuta. Nimefunga mitandao katika nyumba za Malindi za matofali ya simenti na katika nyumba za mawe za Lamu, na ni kazi mbili tofauti. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa karibu nusu mita unaimeza waifai. Masafa ya GHz 5, yaliyo ya kasi zaidi, ndiyo yanayozidi kuumia; yale ya GHz 2.4 yanajikongoja hadi chumba cha pili. Najua mahali panapovutia kuweka ruta: kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pazuri na pamejificha. Usiweke humo. Umeizungushia jiwe pande zote ila mmoja, na joto linabaki ndani. Iweke msanani, ukumbi ule unaotazama kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Hewa ya uwazi ule inabeba mawimbi chini na ghorofani kuliko mlango wowote.

Kwenda kwa dada, msitegemee hewa. Pitisheni waya kwenye wikio. Mungu amekupeni njia ambayo wengine wangelazimika kuitengeneza: iko ndani, haipigwi na mvua wala jua, wala haikati kichochoro mbele ya punda na mizigo. Nunueni kebo ya Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Ile ya bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, na chumvi ya bahari inaila kwenye ncha. Kebo hiyo inafika mita 100, nanyi pengine mnahitaji 30. Mwisho wake, upande wa dada, wekeni kifaa cha kusambaza waifai kikitumia jina na nywila ileile. Kama kifaa hicho ni ruta ya zamani, ondoeni kazi yake ya kugawa anwani, la sivyo mtapata mitandao miwili isiyoonana na mtadhani SMB ndiyo mbovu. Msitoboe kuta. Waya ufuate boriti na fremu za milango. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na plasta ya mikono ile hairudishwi na simenti.

Waya mwingine mfupi, ulio muhimu kuliko wote, ni wa laptopu ya kaka kwenda kwenye ruta. Ikiwa laptopu hiyo iko kwenye waifai na yako pia, kila kipande cha video kinapita hewani mara mbili: kwanza kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta kuja kwako. Nusu ya kasi imekwenda. Kwa waya wa Mbps 100 mtapata kama megabaiti 11 au 12 kwa sekunde, zinazotosha video kadhaa kwa wakati mmoja. Kwa gigabiti ni karibu mara tisa ya hapo. Mara ya kwanza kuhamisha zile GB 380 msizipitishe kwenye mtandao kabisa: chomekeni diski kwa USB kwenye laptopu ya kaka na muiache usiku.

Na kwa nini laptopu kuukuu badala ya kuchomeka diski nyuma ya ruta, ikiwa ruta ina tundu la USB? Niliipenda sana njia hiyo zamani. Lakini ruta nyingi za bei nafuu zinajua SMB1 peke yake, na SMB1 ndiyo iliyopitiwa na virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017. Tangu mwaka huo Windows mpya huja zikiwa zimeifunga. Mtu akikwambia uiwashe tena ili diski ya ruta ionekane, mkatalie. Laptopu ina faida nyingine kwetu huku: ina betri. Stima ikipotea, diski haizimwi katikati ya kuandika. Ila muikague hiyo betri. Iliyokaa miaka kwenye chaji huvimba, na iliyovimba inatolewa siku hiyohiyo. Nayo ruta ipeni betri yake ndogo, mkiangalia kibandiko kama inataka volti 9 au 12.

Kazi ya kaka sasa. Aipe laptopu anwani isiyobadilika kwa kuitengea ndani ya ruta, tuseme 192.168.1.10. Aiambie isilale kifuniko kikifungwa. Asakinishe Samba, atengeneze kundi liitwalo nyumba, amwingize humo kila mtu, kisha ampe kila mtu nywila kwa sudo smbpasswd -a likifuatiwa na jina. Halafu mwishoni mwa smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, aweke:

[picha]
path = /srv/picha
valid users = @nyumba
read only = yes
write list = wewe, kaka
force group = nyumba
create mask = 0664
directory mask = 0775
vfs objects = recycle
recycle:repository = .taka
recycle:keeptree = yes

[sanduku]
path = /srv/sanduku
valid users = @nyumba
read only = no
force group = nyumba
create mask = 0664
directory mask = 0775

Folda zote mbili ziwe mali ya kundi la nyumba, nalo liruhusiwe kuandika. Akimaliza aandike testparm, imwambie kama kuna kosa la herufi.

Kwa nini folda mbili? Hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilifungia familia moja hapa Malindi folda ya pamoja, nikampa kila mtu ruhusa ya kuandika kwa sababu waliniomba iwe rahisi, nami nikaona ni sawa. Mtoto mdogo, simu mkononi, akafuta folda nzima ya picha za nikaha ya dada yake. Tukakimbilia pipa la taka la laptopu. Halikuwa na kitu. Faili inayofutwa kupitia mtandao haiendi kwenye pipa la Windows. Inakwenda moja kwa moja. Picha chache tulizipata kwa jamaa, nyingine hazikurudi hadi leo. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sifungi folda ya kumbukumbu bila vitu viwili: wengi wasome tu, na ule mstari wa recycle, unaohamishia kila kilichofutwa kwenye folda ya siri iitwayo .taka badala ya kukipoteza.

Basi picha za mzee zinakaa kwenye picha, zinasomwa na wote, zinaguswa na wewe na kaka tu. Kila mwenye picha mpya anaitupa kwenye sanduku. Ijumaa au siku yoyote yenye nafasi unalifungua sanduku, unapanga, unahamisha.

Upande wa kufungua ni mwepesi. Kwenye Windows, thibitisha kwanza kwamba waifai ya nyumbani imewekwa kuwa mtandao wa faragha, si wa hadhara. Fungua dirisha la faili, juu kwenye anwani andika \\192.168.1.10\picha, weka jina na nywila, kubali ikumbuke. Ipe herufi, Z kwa mfano, ili wengine waione kama diski ya kawaida na wasijue habari za anwani. Kwenye MacBook ni smb://192.168.1.10/picha. Kwenye simu na televisheni sakinisha VLC. Ina sehemu ya kutazama mtandao wa nyumbani na inacheza video papo hapo bila kuishusha. Kwa kupandisha picha kutoka kwenye simu tumia programu yoyote ya kusimamia faili inayotaja SMB.

Usishawishike kuweka folda isiyo na nywila ili kurahisisha. Mbali na usalama, Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 inamkataa mgeni asiyejitambulisha, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa ambalo si kosa. Kama mnapokea wageni wa kulala, wapeni waifai ya wageni iliyotengwa ndani ya ruta. Na mtu yeyote asikufungulie mlango namba 445, ule unaotumiwa na SMB, uonekane kutoka intaneti, hata kwa siku moja, hata kwa ajili ya jamaa aliye ng'ambo.

Huyo jamaa wa ng'ambo, au mwana wa dada akienda chuoni, ndiye pekee ambaye ningemwekea kitu kingine: Syncthing, programu ya bure inayolinganisha folda kati ya mashine mbili popote zilipo. Mpeni folda ndogo iliyochaguliwa, si GB 380. Na kwa kurushiana picha mbili tatu kati ya simu zilizo nyumba moja, LocalSend inatosha, haitumii bando. Zoezi la kupitisha picha za mzee kwenye WhatsApp liacheni, maana inazibana na kuzipunguza kila zinapopita. Mkilazimika, zitumeni kama hati, si kama picha.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Folda ya pamoja si akiba. Mkishaacha kuzungusha nakala, mtakuwa na nakala moja, na diski moja katika hewa ya chumvi ina siku zake. Nunueni ya pili yenye nafasi ileile. Kila mwisho wa mwezi kaka aichomeke, anakili, aichomoe. Kuichomoa ndiyo kinga yenyewe, maana virusi vya kufunga faili hufunga kila kilichochomekwa. Isikae kwako wala kwa dada. Nyumba zenu zimeshikana, na moto hupita kwenye wikio kama watu wanavyopita. Kama mna ndugu huku Malindi au Mombasa, akae nayo, na mtu akisafiri aibebe.

Anzeni na waya wa wikio, kisha Samba. Zikishakuwa tayari, chukua video moja ya GB 1 iliyo kwa kaka na uinakili kwenye laptopu ya dada ikiwa imechomekwa kwa waya. Ikichukua kama dakika moja na nusu, mnapata Mbps 100 kamili na mnaweza kuendelea. Ikichukua dakika kumi, kata ncha za kebo uzibane upya kabla ya kugusa kitu kingine chochote.